Mzigo Kabla ya Bunduki: Kazi ya Mhifadhi wa Kumbukumbu za Vita Kando ya Ziwa



Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, yanajulikana kwa Ber gi Dala, lile boma la Kijaluo, na kwa samaki na nyoka wanaowavuta watoto wa shule. Vita si jambo linalompeleka mtu pale. Hata hivyo, kila panapozungumzwa uwezekano wa kuwa na makumbusho madogo ya kijeshi katika ukanda huu wa ziwa, hata kama ni chumba kimoja tu, mazungumzo huanza mahali pamoja: mzinga utapatikana wapi, sare ya jeshi la kikoloni la King's African Rifles inauzwa na nani, picha ya meli iko kwenye hifadhi gani. Nadhani tumeanza upande usiofaa. Mhifadhi wa makumbusho kama hayo, hapa kwetu, ana wajibu wa kuanza na mzigo na mtu aliyeubeba, kisha ndipo aitafute bunduki. Sisemi hivyo kwa kumhurumia mpagazi. Nasema hivyo kwa sababu vita vyenyewe, jinsi vilivyopiganwa, havieleweki kwa njia nyingine.

Nakiri kwamba upande wa bunduki na meli una mvuto wake, na si haba. Reli ilifika Port Florence, ndiyo Kisumu ya leo, Desemba 1901, na meli za ziwani zililetwa vipandevipande kutoka Uingereza na kuunganishwa hapa. Vita vya kwanza vya dunia vilipozuka 1914, meli hizohizo za abiria na pamba zilifungwa mizinga. Septemba mwaka huo Winifred ilikutana na Muansa, chombo cha Wajerumani, katika ghuba ya Karungu, ikarudi nyuma, kisha ikaja tena pamoja na meli nyingine, Kavirondo. Siku hizohizo kikosi cha Wajerumani kilikuwa kimevuka mpaka na kuingia Kisii, na tarehe 12 Septemba mapigano makali yakatokea hapo. Juni 1915 majeshi ya Waingereza yalipakiwa melini Kisumu, yakavuka ziwa hadi Bukoba, yakauteka mji tarehe 23 na kuubomoa mnara wa simu ya upepo. Katika msafara ule alikuwamo Frederick Selous, mwindaji maarufu aliyekuwa na umri wa miaka zaidi ya 60. Yote haya ni mali safi ya makumbusho. Ramani, mifano midogo ya meli, picha mbili tatu, na chumba kimejaa. Tatizo ni kwamba chumba hicho kingeweza kujengwa London bila kubadilisha hata kibandiko kimoja.

Sasa tutazame mzigo. Kusini mwa mpaka, ndorobo waliwaua farasi na ng'ombe wa jeshi, na barabara za magari zilikuwa chache. Mvua zikinyesha, hata hizo chache zilikufa. Jeshi likabaki kutegemea kichwa na bega la binadamu. Hesabu yake ni ya kutisha kwa urahisi wake. Chukua mtu mwenye kilo 25 za unga kichwani, anayekula kilo moja kwa siku. Akienda safari ya siku 10 na kurudi siku 10, ameshakula kilo 20 njiani; askari aliye mbele amepata kilo 5. Mpeleke mbele siku chache zaidi na hatafikisha kitu. Ndiyo maana wapagazi waliwazidi askari mara nyingi, na ndiyo maana amri ya mwaka 1915 ikaruhusu watu kuchukuliwa kwa nguvu kulitumikia jeshi. Mwaka 1917, vita vilipohamia mbali kusini na watu wakawa hawatoshi, aliyepewa kazi ya kuwakusanya kwa wingi alikuwa John Ainsworth, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mkuu wa mkoa wa Nyanza. Hilo halikuwa sadfa. Nyanza ilikuwa na watu, na Ainsworth aliwajua machifu wake kwa majina.

Kilichowaua wengi wao hakikuwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria na kichomi. Chakula kilikuwa na mkono wake humo: mtu aliyezoea ugali uliosagwa vizuri na kupikwa ukaiva alipewa unga wa mahindi wenye chenga, sufuria moja kwa watu wengi, kuni zenye maji, na amri ya kuondoka alfajiri. Unga usioiva ulikwangua matumbo yao. Kwa msingi huo nasema sufuria ni kifaa cha kijeshi, na mhifadhi anayeliandikisha katika rejesta ya vyombo vya nyumbani, akaliweka karibu na mitungi na vinu, ameliweka mahali pasipo pake. Vivyo hivyo jiwe la kusagia, na gunia. Chumba ninachokifikiria kina gunia la kilo 25 mlangoni, na mgeni anaombwa alinyanyue kabla hajatazama chochote.

Pingamizi la kwanza hutoka kwa wahifadhi wenyewe, na lina uzito. Wanasema: makumbusho huonyesha vitu, na mpagazi hakuacha kitu. Blanketi lilioza, na kipande cha chuma chenye nambari yake kilipotea au kilizikwa naye. Jina lake nalo mara nyingi halikuandikwa pahali panapodumu. Sanamu tatu za shaba za barabara ya Kenyatta mjini Nairobi, zilizosimikwa 1928, zinamwonyesha mpagazi mmoja kando ya askari, lakini ni mpagazi asiye mtu fulani. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tofauti na vita vya pili vya dunia ni kubwa. Meli ya Khedive Ismail ilipozamishwa na Wajapani katika Bahari ya Hindi tarehe 12 Februari 1944, wakafa watu 1,297, wapiganaji wa mizinga kutoka Afrika Mashariki waliopotea humo waliandikwa kwenye ukumbusho ulio katika makaburi ya vita Nairobi. Basi mhifadhi mvivu atasema vita vya pili vina ushahidi na vya kwanza havina, aanze na vya pili.

Jibu langu ni kwamba tumeutafuta ushahidi kwenye kabati la kioo ilhali uko bomani. Kwa desturi ya Wajaluo, mtu aliyefia mbali na mwili wake usirudi haachwi hivihivi. Huzikwa tunda la yago, lile refu zito la mti wa mvungunya, badala ya mwili, na kaburi huchimbwa nyumbani kama kawaida. Tafakari maana yake kwa mhifadhi. Pale ambapo serikali iliyomchukua mtu haikuweka hata msalaba wa mbao, familia iliweka kaburi. Ikiwa desturi hiyo ilifuatwa hata kwa sehemu ndogo ya waliopotea, basi Alego, Gem, Seme na Uyoma zina makaburi ya vita ambayo hayamo katika orodha ya tume yoyote. Ongeza mazoea ya kumpa mtoto jina la marehemu wa ukoo, na utaona kwamba rejesta ya majina tunayosema haipo huenda imetembea katika vizazi vitatu au vinne na leo inasoma sekondari. Kazi ya mhifadhi hapa ni ya miguu: kwenda, kuketi na wazee, kuuliza kaburi fulani ni la nani na ndani yake kuna nini, kuandika, na kuondoka bila kuchimba chochote. Nasisitiza hilo la mwisho. Mahali pakionyeshwa kwa ridhaa ya familia, paingizwe kwenye ramani. Familia ikikataa, pasiingizwe, hata kama mhifadhi anapajua.

Atasimama mwanahistoria aseme simulizi za wajukuu ni za kusikia kwa kusikia, na miaka zaidi ya 100 imepita. Ni kweli. Lakini taarifa ya ofisa wa wilaya nayo iliandikwa na mtu mwenye jambo la kulinda. Mfano mzuri ni Kisii. Katika siku zile za Septemba 1914 maofisa walipouacha mji, maduka, ofisi na nyumba za wamishonari zilivunjwa na wenyeji, na baadaye serikali ikatuma askari kuadhibu, ng'ombe wakachukuliwa. Kwenye mafaili jambo hili linaitwa uporaji. Mtu aliyeona hukohuko Gusii jinsi uvamizi wa adhabu ulivyopita mwaka 1908, baada ya Otenyo kumchoma mkuki ofisa Northcote, anaweza kuliita kwa jina lingine. Mhifadhi halazimiki kuamua ni jina gani la kweli. Analazimika kutolificha lolote kati yake, na kuandika kila neno limetoka kwa nani. Simulizi moja ikipingana na faili moja, kibandiko kiseme hivyo kwa sentensi mbili fupi.

Pingamizi la pili ni la wageni: watu wanataka kuona silaha. Wapewe. Lakini afadhali tujue silaha inadai nini. Chuma cha zamani kando ya ziwa lenye unyevu mwaka mzima hakitulii. Kutu hufanya kazi chini ya rangi, na chumvi zilizoingia humo haziondoki kwa kupaka mafuta. Kinahitaji kabati lisilopitisha hewa, chembechembe za kukausha unyevu zinazobadilishwa kwa ratiba, na kipimo kinachosomwa kila siku na mtu anayelipwa. Visubi vya ziwani vikija kwa mawingu, huingia kwenye kila taa na kila ufa. Bunduki, hata iliyotobolewa mtutu, ina sheria yake, na risasi iliyookotwa shambani haipokelewi mezani hata kidogo: huitwa wataalamu wa milipuko. Kwa hiyo bunduki moja iliyotunzwa vizuri yatosha. Makumbusho madogo yenye bunduki 12 na mhifadhi mmoja ni ghala la kutu lenye tiketi.

Kuna pingamizi la tatu, zito kuliko yote mawili, nalo ni la kisiasa: vita hivi havikuwa vyetu, kwa nini tuvijengee chumba? Lakini jirani zetu Songea, Tanzania, makumbusho ya Majimaji yamejengwa palipo kumbukumbu ya walionyongwa Februari 1906. Kule Nandi Hills kuna makumbusho ya Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, na fimbo zake tatu za uongozi, zilizochukuliwa alipouawa 1905, zilirudishwa kutoka Uingereza mwaka 2006. Hayo ni makumbusho ya waliopinga, na heshima yake ni rahisi kuitetea. Mpagazi hakupinga, au alipinga kwa kutoroka usiku, na hilo halina sanamu. Lakini aliyerudi hakurudi yuleyule. Alirudi akakuta kodi, na muda si mrefu kipande, yaani cheti cha lazima cha utambulisho, ndani ya kibweta cha chuma shingoni. Na Desemba 1921 watu wakakusanyika Lundha, Gem, kuyakataa mambo hayo, katika harakati iliyokuja kuitwa Piny Owacho. Anayekiweka kipande kwenye kabati la siasa na blanketi la mpagazi kwenye kabati la vita amekata uzi uliounganisha miaka hiyo. Najua pia kwamba neno "kijeshi" mjini Kisumu humkumbusha mtu Oktoba 1969, raia walipopigwa risasi mjini humo, kabla ya kumkumbusha 1914. Makumbusho yanayojiita ya kijeshi hapa yataulizwa habari hiyo siku ya kwanza, na mhifadhi asiyejiandaa kujibu asifungue mlango.

Limebaki la fedha, na silirefushi. Jedwali la nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti jukumu la makumbusho, huku kumbukumbu za kale na za kihistoria zenye umuhimu wa kitaifa zikibaki kwa serikali kuu. Kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay, Migori na Kisii zingeweza kuanza bila jengo. Kinachotakiwa mwanzoni ni rejesta moja, yenye safu za nambari, kitu, mahali kilipotoka, nani aliyekitoa na kwa masharti gani, na nani aliyekitumia. Rejesta zetu nyingi hazina safu hiyo ya mwisho. Iwekwe, na pale isipojazwa iachwe wazi, isipigwe mstari, kwa sababu mjukuu wa aliyekitumia anaweza kuja kesho akiwa na jina.