Nambari Iliyo Ndani ya Simu Yako

(Maneno ya mwanachama mmoja, fundi wa simu mstaafu, mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme habari za simu za mkononi. Najua haziruhusiwi bwenini, na Mwalimu Mkuu asidhani nimekuja kuzitetea. Lakini shule ikifungwa mtazishika, na wengi wenu mtanunua zilizokwisha tumika, kama alivyofanya mpwa wangu.

Kijana yule alinunua simu stendi, bila risiti, akatia laini yake mwenyewe. Baada ya wiki tatu askari wakamfuata kazini. Simu ilikuwa ya wizi. Alilala mahabusu siku mbili, na nilipokwenda kumtoa swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Mjomba, walinijuaje, na laini ni yangu?"

Nilimjibu hivi. Kila simu ina nambari yake, iitwayo IMEI, yenye tarakimu 15. Nane za mwanzo hutaja aina ya simu, sita zinazofuata ni za simu hiyo peke yake, na ya mwisho ni ya kuhakiki hesabu. Laini nayo ina nambari yake ya siri ndani ya kadi; za Kenya huanza na 639, za Tanzania 640. Simu ikijiunga na mtandao, hutoa zote mbili. Kwa hiyo kampuni ya simu inajua laini gani imo katika simu gani, na iko chini ya mnara upi. Ukitupa laini na kununua nyingine, ukaitia katika simu ile ile, umebadili kofia tu. Uso ni ule ule.

Hapo sina ugomvi. Bila nambari hiyo simu iliyoibwa isingefungiwa. Kwa nambari hiyo hiyo simu bandia zilizimwa hapa Kenya mwishoni mwa Septemba 2012, na jirani zetu Tanzania wakazizima zao Juni 2016.

Shaka yangu huanza nambari inapotoka kwa kampuni kwenda kwa mtu wa tatu. Mwaka 2017 Mamlaka ya Mawasiliano ilitaka kufunga mtambo wake katika mitandao ya kampuni za simu, ili, ilisema, kuzisaka simu bandia. Bwana Okiya Omtatah akaenda mahakamani, akidai mtambo huo ungeingilia faragha ya wananchi. Mahakama Kuu ilimkubalia mwaka 2018. Mahakama ya Rufani ikaipindua hukumu hiyo Aprili 2020, na Mahakama ya Juu ikakataa rufaa iliyofuata Aprili 2023. Kisha likaja tangazo jingine: kuanzia Januari 2025, IMEI za simu zinazoingia nchini zipelekwe kwa watoza ushuru. Hilo nalo Mahakama Kuu ililitupa Julai 2025.

Mimi si mwanasheria. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 nimekisoma kama raia, nacho kinalinda siri za mtu zisidaiwe pasipo haja. Lakini nitawaambia nilivyofunzwa kazini. Tulipokuwa tukipima nyaya tulisikia mazungumzo ya watu: mwenye deni, mwenye mgonjwa, na mengine nisiyoweza kuyataja mbele ya vijana. Ilitubidi kusikia, maana bila kusikia hujui kama waya ni mzima. Hatukuruhusiwa kuyatoa nje ya chumba kile, hata kwa mkubwa wetu aliyeuliza kwa udadisi tu. Nambari iliyotolewa ili simu iunganishwe, ikitumiwa kuhesabu ushuru, imetoka nje ya chumba. Anayeitaka na aje na amri ya hakimu, kwa simu moja, kwa kosa linalotajwa, kama walivyokuja kwa mpwa wangu.

Programu mnazopakua zina habari yake. Tangu Android 10 ya mwaka 2019, programu za kawaida hazikubaliwi kuisoma IMEI. Kampuni ya simu bado inaisoma, na itaendelea.

Wazee wenzangu, bonyezeni *#06# mkiwa hapo mlipo; nambari itatokea. Iandikeni katika daftari, si ndani ya simu yenyewe. Simu yenye laini mbili itatoa nambari mbili, ziandikeni zote.

Mpwa wangu sasa ana simu ya dukani, ya vitufe. Risiti yake naiweka mimi.