MWANAFUNZI WA CHUO KIKUU NA WAJIBU WETU KWAKE



Nimeombwa niseme machache juu ya maisha ya mwanafunzi wa chuo kikuu katika mji wetu wa Kigali. Nimeitika kwa furaha, kwani wengi wetu tuna watoto huko, lakini ni wachache wajuao siku yao hupitaje.

Yafaa kwanza tukumbuke tulikotoka. Zamani za utawala wa Wabelgiji, shule nyingi za nchi hii zilikuwa mikononi mwa misheni, na wazee wetu wa Biryogo waliogopa kuwapeleka watoto wao, wasije wakarudi na dini nyingine. Wengi wakajifunza Kurani, biashara, ushonaji na udereva, na elimu ya juu ikabaki mbali nao. Chuo Kikuu cha Taifa kilipofunguliwa huko Butare mwaka 1963, kilikuwa na wanafunzi 51 tu na walimu 16. Leo mambo yamegeuka. Mwaka 1997 kilianzishwa hapa Kigali Chuo cha Sayansi na Teknolojia, katika majengo yaliyokuwa ya shule ya maofisa wa jeshi. Na mwaka 2013 vyuo vya serikali viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda. Mtoto wa Biryogo aweza kwenda kusoma sayansi kwa miguu yake.

Mlango basi u wazi. Lakini kufunguliwa mlango ni jambo moja, na kuvuka kizingiti chake kila siku kwa miaka kadhaa ni jambo jingine.

Itazameni siku ya kijana huyu. Huamka kabla ya adhana ya alfajiri, akasali, akashika njia. Mchana, baina ya somo na somo, hutafuta mahali pa kusali adhuhuri, kisha huhesabu fedha zake: akila wali na maharage leo, kesho atatoa wapi za kunakilisha masomo? Mara nyingi chai na chapati ndiyo chakula chake. Mwenziwe asomaye jioni hufanya kazi mchana kutwa, na magharibi humkuta darasani. Wote wawili hurudi usiku wamechoka, wakakuta chumba kimoja, wadogo zao, wageni na redio. Hiyo ndiyo saa yao ya kusoma.

Kadhalika liko jambo la lugha. Nyumbani hunena Kinyarwanda na Kiswahili. Wazee wao, kama walisoma, walisoma kwa Kifaransa. Lakini tangu serikali ilipokata shauri mwaka 2008, masomo hufundishwa kwa Kiingereza. Mkimwona kijana amekaa muda mrefu na ukurasa mmoja, msidhani ni mvivu. Anausoma mara mbili: mara ya kwanza aelewe maneno, mara ya pili aelewe elimu.

Na binti zetu je? Kaka akirudi chuoni huambiwa, “Pumzika, usome.” Dada yake akirudi huambiwa, “Sufuria zinakungoja.” Tumemfungulia mlango wa chuo, kisha tumemfungia jikoni. Akishindwa mtihani, twasema hana akili. Ndugu zangu, hiyo si haki.

Nawaombeni mambo matatu, wala hayahitaji mali nyingi. La kwanza, vyumba vya madrasa zetu vibaki wazi baada ya sala ya isha, taa ikiwaka, mpaka saa nne za usiku, ili asiye na pa kusomea apate meza na utulivu. La pili, kila mzazi aulize mitihani ya mwanawe ni lini, na siku hizo kazi za nyumbani zigawanywe sawa kwa wavulana na wasichana. La tatu, waliokwisha kuhitimu wawashike mkono walioko shule za sekondari, wawaeleze jinsi ya kuomba nafasi na mkopo, kwani asiyejua njia hupotea hata penye barabara.

Nanyi wanafunzi, mna deni. Mkopo ni deni, na dini yetu yasisitiza kulipa. Msiache somo liwaibie sala, wala msiifanye sala kuwa kisingizio cha kuchelewa darasani. Mkihitimu, msihame mkatusahau. Mtaa uliowalea wahitaji daktari, mhandisi na mwalimu.

Neno la kwanza aliloteremshiwa Mtume wetu (S.A.W.) lilikuwa amri ya kusoma. Wazee wetu waliipokea amri hiyo, milango ikiwa imefungwa. Sisi tumefunguliwa, tukilala, hatuna wa kumlaumu.

Mwenyezi Mungu awape watoto wetu elimu yenye manufaa, na atupe sisi moyo wa kuwasaidia. Amin.