Limfoma ya Hodgkin: Dawa, Mionzi na Watoto wa Kampala

Msikilizaji, jioni hii tunazungumzia saratani ambayo mara nyingi hupona kabisa: limfoma ya Hodgkin, saratani ya matezi iliyoelezwa na tabibu Mwingereza, Thomas Hodgkin, mwaka 1832. Hupenda kuwapata vijana. Tezi huvimba shingoni au kwapani bila kuuma, homa huja na kuondoka, jasho hulowesha shuka, mwili hukonda. Dalili hizi hufanana mno na za kifua kikuu, na wagonjwa wengi huanzishiwa dawa za TB. Uvimbe usipopungua, omba kikatwe kinyama kikapimwe maabara.

Miaka ya 1960, daktari Henry Kaplan wa Stanford, Marekani, aliwaponya wengi kwa mionzi mikali iliyoenea shingo, kwapa na kifua. Lakini miaka ilipopita, baadhi ya waliopona waliugua moyo, na baadhi ya wasichana wakapata saratani ya matiti. Katika miaka hiyohiyo ya 1960, daktari Vincent DeVita na wenzake walijaribu njia nyingine: dawa nne kwa pamoja, ziitwazo MOPP.

Kampala ina sehemu yake katika habari hii, nayo haisimuliwi vya kutosha. Kituo cha saratani cha Mulago kilichofunguliwa mwaka 1967 hakikuwa na mashine ya mionzi. Profesa Charles Olweny na wenzake wakawatibu watoto kwa MOPP peke yake, na mwaka 1978 wakachapisha matokeo ya miaka kumi: watoto wengi walipona. Madaktari wa nchi tajiri, waliokuwa wakiitegemea mno mionzi, walipata ushahidi mzito kutoka Afrika Mashariki.

Siku hizi dawa zinazotumika sana ni ABVD, mchanganyiko wa Gianni Bonadonna wa Milano, Italia. Hutolewa kwa dripu kila baada ya wiki mbili. Moja ni nyekundu na hugeuza rangi ya mkojo. Usishtuke, si damu. Ugonjwa ukiwa haujasambaa, mara nyingi dawa za miezi michache hufuatiwa na mionzi kidogo, palepale palipokuwa na tezi. Ukiwa umesambaa, dawa huendelea kama miezi sita.

Tafadhali, usikatishe dozi. Uvimbe unaweza kuyeyuka baada ya dripu za mwanzo, nauli nayo ikawa mzigo, mgonjwa akabaki nyumbani. Ugonjwa ukirudi huwa mgumu zaidi kutibu. Na ukipata homa ya nyuzi 38 au zaidi kati ya dripu na dripu, usingoje kupambazuke: nenda hospitali usiku huohuo, useme unatumia dawa za saratani.