Video itutayarishe, labo itufundishe



Niko na lisansi ya kemia, kazi sina. Bireti, ile bomba ya kioo ya kupimia asidi, niliigusa mara mbili tu: tulikuwa tunazunguka meza moja, wa nyuma wanaona migongo.

Mwalimu apige video ya dakika 5 kwa simu, na vyombo vya labo yetu wenyewe. Aonyeshe: asidi inamiminwa ndani ya maji, hapana maji ndani ya asidi, ukigeuza, inaruka na kukuunguza. Tupitishiane kwa bluetooth, bila megabaiti. Kila mtu arudilie mpaka ajue, ndio aingie.

Lakini pesa ya labo tunalipa kila mwaka: inunue bireti. Mkono haujifunzi kwa macho!