Sabuni, Jua na Bikira Maria: Utunzaji wa Sanamu za Mti
Mada kwa wasakristia na wachongaji, Bunia

Nianze na kosa langu. Nikiwa kijana wa sakristia niliachiwa sanamu ya Bikira Maria niisafishe, ya mti wa libuyu, kimo cha mtoto wa miaka mitano. Zilibaki siku chache kufika Noeli. Niliisugua kwa sabuni mpaka povu likatoka jeusi, nikajisifu, nikaianika uani. Jua la Desemba la hapa mnalijua. Jioni nilikuta ufa kutoka shingoni hadi magotini, kidole kinaingia. Padri aliitazama sanamu, akanitazama mimi, akaenda kula.

Mti hunywa unyevu na kuutema, na ukiutema hunywea. Lakini haunywei sawa pande zote: kwa kufuata mzunguko wa pete zake hunywea karibu mara mbili kuliko kutoka kiini kwenda ganda. Sanamu ya gogo zima, kiini kikiwa ndani, itatafuta pa kupasukia. Mimi niliiharakisha tu. Kwa hiyo wachongaji mlioketi nyuma, neno hili linawahusu kabla halijamfikia msakristia. Mkinunua gogo bichi lililotoka Mambasa na kulichonga juma hilohilo kwa kuwa mteja anangoja, mnamwuzia ufa. Ubao wa unene wa sentimita 2.5 hutaka karibu mwaka mzima kivulini ili ukauke. Gogo je?

Wajapani walihangaika na jambo hilihili. Katika hekalu la Byōdō-in, mji wa Uji, yumo Buddha Amida wa mti, ameketi, kimo karibu mita 3, kazi ya mchongaji Jōchō ya mwaka 1053. Hakuchonga gogo moja. Aliunganisha vipande vingi, ndani akavikomba, sanamu ikabaki tumbo tupu. Mti mwembamba hauvutani wenyewe kwa wenyewe, na Buddha huyo bado yupo. Wachongaji wa Ulaya ya zamani nao waliwakomba watakatifu mgongo, upande wa ukutani usioonwa na mtu. Patasi za kufanya hivyo tunazo.

Sasa wadudu. Mchwa hutoka chini, basi sanamu isikae sakafuni wala isiegemee ukuta wa udongo. Bungua ni mgumu zaidi, maana hula akiwa ndani. Tandika karatasi nyeusi chini ya sanamu usiku saba. Ukikuta unga mpya, bado anakula. Matundu yasiyotoa unga huenda ni ya zamani. Msimwagie mafuta machafu ya gari, nimeona mtakatifu aliyenuka gereji miaka kumi. Baridi inatosha: ifunge sanamu ndani ya plastiki, toa hewa, itie kwenye friji la kugandisha, nyuzi 20 chini ya sifuri, majuma mawili. Kwa umeme wetu huu, mwombeni nafasi mwuza samaki mwenye jenereta. Mnacheka, lakini samaki wa Tchomia na Mtakatifu Yosefu wanaweza kulala pamoja. Ikitoka, iacheni ndani ya plastiki siku nzima, jasho lishike plastiki lisishike mti. Yenye rangi iliyopakwa au ufa msiigandishe.

Mawese pia hapana. Huchacha, hunasa vumbi, huita mende. Brashi laini ya kunyolea ndevu, kavu, inatosha. Weusi wa zamani uacheni: Warega walizipaka sanamu zao za chama cha bwami mafuta na unga mwekundu wa ngula, na anayeusugua anafuta kazi ya mikono ya wazee. Michongo ya Kimangbetu inayouzwa kama ya kale ni habari nyingine, mara nyingi uzee wake ni rangi ya viatu. Wala kuchonga kwa ajili ya kuuza si jambo la jana. Watafiti Lang na Chapin walipokusanya vitu vya makumbusho kule Uele kati ya 1909 na 1915, wachongaji walikuwa tayari wanamchongea mteja Mzungu.

Mezani nimeleta sanamu mbili, moja ndiyo ile yenye ufa. Vueni pete na saa, mje mmojammoja. Haishikwi mkono wala kichwa. Kiganja kimoja chini ya kitako, cha pili mgongoni.