Mshonaji Katikati ya Umati: Matamasha ya Mashabiki kutoka San Diego hadi Tokyo

Julai 2017 Lupita Nyong'o alikwenda San Diego, California, kikazi. Filamu ya Black Panther ilikuwa bado haijatoka, na waigizaji wake walipanda jukwaani katika Ukumbi H wa tamasha la Comic-Con, ukumbi unaochukua watu wapatao 6,500, ili mashabiki waonjeshwe vipande vya mwanzo. Katika safari hiyohiyo alivaa vazi la waridi la Power Ranger, akajifunika uso, akajitosa katika umati na kucheza dansi huku watu wakimpita bila kujua ni nani. Video yake akaiweka mtandaoni baadaye.

Kwa siku hizo chache binti huyu wa Kenya aliingia tamashani kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya jukwaa: mgeni anatangazwa, taa zinamulika, watu wanapiga kelele. Ya pili ni ya sakafuni, na haihitaji jina wala cheo, inahitaji vazi. Mhadhara huu unahusu njia ya pili, na hoja yake ni moja. Tamasha la utamaduni pendwa linaishi kwa wale wanaokuja na kitu walichokitengeneza kwa mikono yao. Mpango wowote unaowasukuma pembeni unalipunguzia uhai wake, hata kama tiketi zinaendelea kugombewa.

Mwanzo wa mambo haya ulikuwa kazi ya sindano. Mkutano wa kwanza wa dunia wa wapenzi wa hadithi za kisayansi ulifanyika New York mwanzoni mwa Julai 1939, ukahudhuriwa na watu kama 200. Wawili kati yao walitoka Los Angeles: Forrest J Ackerman, na Myrtle R. Douglas, ambaye mashabiki wenzake walimwita Morojo. Walitokea wamevaa mavazi ya watu wa zama zijazo, yaliyotokana na filamu ya Things to Come ya mwaka 1936. Ackerman aliishi miaka mingi, akawa mhariri na mkusanyaji mashuhuri, kwa hiyo kisa hiki husimuliwa kwa jina lake. Lakini aliyebuni mavazi yale na kuyashona, lake mwenyewe na la mwenzake, ni Morojo. Ni haki jina lake litangulie. Mwaka uliofuata mkutano ulipofanyika Chicago, wengine nao walikuja wamevaa, na shindano la mavazi likawa sehemu ya shughuli.

San Diego iliingia miaka 30 baadaye. Shel Dorf, mpenzi wa vibonzo aliyehamia huko kutoka Detroit, alishirikiana na kundi la vijana, baadhi yao wakiwa bado wanasoma shule, wakafanya jaribio la siku moja Machi 1970 katika hoteli ya U.S. Grant. Agosti ya mwaka huohuo wakaandaa tamasha la siku tatu katika hoteli hiyohiyo. Watu waliokuja walikuwa 300 hivi, na miongoni mwa wageni walikuwapo Jack Kirby, mchoraji aliyeshiriki kuwabuni Captain America na Fantastic Four, na mwandishi Ray Bradbury. Shabiki aliweza kusogea hadi mezani kwa Kirby, akamuuliza swali na kujibiwa. Mwaka 1974 shindano la mavazi likaanzishwa rasmi, na halijaacha kufanyika kila tamasha kuu linapokutana.

Mwaka 1976 wakaja wageni wa aina nyingine. Charles Lippincott, aliyesimamia matangazo ya filamu moja iliyokuwa haijulikani, alileta picha za slaidi na bango lililochorwa na Howard Chaykin. Bango liliuzwa kwa dola 1.75. Filamu yenyewe, Star Wars, ilitoka mwaka mmoja baadaye. Wenye studio walikuwa wamegundua jambo: wapo watu watakaoipenda filamu kabla hawajaiona, na watu hao hukutana mahali pamoja kila kiangazi. Leo Comic-Con hukusanya zaidi ya watu 130,000 katika jengo la mikutano lililo ukingoni mwa bandari, ambako tamasha lilihamia mwaka 1991. Beji za kuingilia huisha mtandaoni upesi mno. Anayetaka kiti katika Ukumbi H hulala kwenye foleni akisubiri mkanda wa mkononi unaompa nafasi ya kuingia asubuhi, na baada ya kuingia huketi humo kutwa nzima, apite mgeni asiyemtaka hata afike anayemtaka.

Foleni hiyo ina utu wake. Waliomo wanalindiana nafasi, wanagawana biskuti na maji, wanaonyeshana michoro. Hata hivyo, mtu aliyelala juu ya zege usiku kucha ili atazame dakika chache za filamu ambayo itauzwa duniani kote miezi michache baadaye amegeuzwa sehemu ya tangazo. Furaha yake ni ya kweli, haina haja ya kubezwa. Kinachostahili kuulizwa ni nini kilichoondolewa ili ukumbi wake upatikane.

Jibu moja lilitolewa mwaka huohuo wa 2017. Mile High Comics, duka la vibonzo la Colorado lililokuwa limeuza San Diego kwa miaka 44 mfululizo, lilitangaza kwamba halitarudi. Gharama zilikuwa zimepanda, na wateja walikuwa wakivutwa na shughuli za makampuni makubwa ndani na nje ya jengo. Kwa haki, waandaaji wa Comic-Con ni asasi isiyogawana faida, bado wanatenga eneo la wachoraji, na tuzo za Eisner, zenye heshima kuu katika vibonzo vya Marekani, hutolewa hapo. Lakini muuza vibonzo anaposhindwa kulipia meza katika tamasha lenye jina la vibonzo, kuna kitu kimepinda.

Tokyo iliamua vingine, na uamuzi wake unastahili kutazamwa kwa karibu zaidi. Comic Market, ambayo Wajapani huifupisha kuwa Komiketo, ilianza Desemba 21, 1975. Vikundi 32 vya wachoraji na waandishi wasio wa kulipwa vilipanga meza zao, na watu wapatao 700 wakaja, wengi wao wanafunzi wasichana waliopenda manga, yaani vibonzo vya Kijapani, za wasichana. Waanzilishi, akiwamo Yoshihiro Yonezawa aliyeliongoza tamasha hilo kwa zaidi ya miongo miwili hadi alipofariki mwaka 2006, walikuwa wamechoshwa na mkutano mwingine wa manga uliomfungia mlango mtu aliyeukosoa. Wao wakaweka kanuni tofauti: hapa hakuna mteja. Anayeuza ni mshiriki, anayenunua ni mshiriki, anayepanga foleni kwa kujitolea naye ni mshiriki.

Kanuni hiyo ingekuwa rahisi kuishikilia kwa watu 700. Ajabu ni kwamba imeshikiliwa kwa mamia ya maelfu. Tangu 1996 tamasha hufanyika katika kumbi za Tokyo Big Sight, mara mbili kwa mwaka, Agosti na Desemba. Katika toleo la Desemba 2019, lililochukua siku nne, mahudhurio yalihesabiwa kufika 750,000. Agosti joto na unyevu huwa vikali kiasi kwamba mwaka 2013 mvuke wa miili ya watu ulitanda chini ya dari ya ukumbi kama wingu, na wapiga picha wakaunasa.

Katika yote hayo, mwenye tamasha ni kikundi kidogo. Kila kikundi kilichopata nafasi kwa bahati nasibu hupewa nusu ya meza, upana wa sentimita 90 na viti nyuma yake. Juu ya sentimita hizo 90 hupangwa dojinshi, vijitabu ambavyo wachoraji wamevichora, wakalipia uchapishaji na kuvibeba wenyewe. Asubuhi nakala moja ya kila kitabu kipya hukabidhiwa kwa wasimamizi ili ikaguliwe. Wanunuzi waliozoea huja na sarafu za yeni 100 na 500 zilizojaa mfukoni, maana ni aibu kumpa noti ya yeni 10,000 mchoraji anayeuza kijitabu cha yeni 500 huku nyuma yako kuna watu 30. Wengi hawarudishi hata gharama ya uchapishaji. Wengine wametokea hapo wakafika mbali: kundi la CLAMP lilianza kwa dojinshi kabla ya kuwa jina kubwa la manga, na Type-Moon waliuza mchezo wao wa Tsukihime kwenye tamasha la Desemba 2000, wakiwa bado kikundi cha marafiki.

Vijitabu vingi hutumia wahusika wa watu wengine, na kisheria hilo lina utata. Wachapishaji wakubwa wa Japani kwa sehemu kubwa hulivumilia. Wanajua kwamba shabiki anayemchora upya mhusika wao huenda ndiye watakayemwajiri kesho.

Wavaaji mavazi nao wana utaratibu wao Tokyo. Mtu haji kwenye treni akiwa amevaa. Hubeba vazi kwenye sanduku, hubadilisha katika vyumba vilivyotengwa, na jioni hulivua kabla ya kuondoka, ili wakazi na abiria wasisumbuliwe. Mpiga picha huomba kwanza. Pale anapofuatwa na watu wengi foleni hupangwa, na wakizidi hutengeneza duara na kupiga kwa dakika zilizohesabiwa. New York ililazimika kulisema jambo hilo kwa maandishi makubwa: mwaka 2014 waandaaji wa New York Comic Con walisimamisha mabango yaliyoeleza kwamba kuvaa kosplei, yaani mavazi ya wahusika, si ruhusa ya kuguswa wala kupigwa picha bila idhini. Mabango hayo yalikuja baada ya miaka ya malalamiko, hasa ya wanawake, na matamasha mengine yakafuata. Hili ni miongoni mwa mambo mema ambayo utamaduni huu umeyazaa, nalo lilitoka kwa wavaaji wenyewe.

Mtazamaji huliona vazi likiwa limekamilika, hajui lilivyotengenezwa. Chukua deraya ya kifuani ya shujaa yeyote wa mchezo wa kompyuta. Mara nyingi ni sponji ngumu ya EVA, jamaa ya ile inayotengenezewa ndala. Mshonaji huvaa fulana kuukuu, rafiki humzungushia karatasi ya plastiki kifuani na mgongoni, kisha utepe wa gundi juu yake. Mistari ya deraya huchorwa hapohapo mwilini. Ganda lote hukatwa kwa mkasi, huvuliwa, hukatwakatwa vipande, na vipande hivyo ndivyo ramani. Vinalazwa juu ya sponji ya milimita 5 au 10, vinazungushiwa kalamu, na kisu kikali kinapita kwa pembe ya mshazari ili pande mbili zikikutana zikunjike. Gundi ni ileile ya mafundi viatu: hupakwa pande zote mbili, huachwa ikauke kidogo mpaka isinate kidoleni, ndipo zinapogusanishwa, na zikishagusana hazirudi nyuma. Hewa ya moto hupulizwa juu ya sponji hadi vinyweleo vifunge na uso ung'ae. Hufuata tabaka za rangi ya mpira, kisha rangi ya fedha, kisha nyeusi kidogo inayopakwa na kufutwa ili mikwaruzo ya vita ionekane. Mtu akitembea amevaa hivyo kwa saa sita, hana mahali pa kukaa, maji anakunywa kwa mrija, na kila kiungo kinamkumbusha pale alipokosea kipimo.

Kazi hiyo inastahili kuitwa ufundi, bila kuongezewa neno la kupunguza. Inahitaji hesabu ya maumbo, ujuzi wa vitambaa na uvumilivu wa wiki nyingi, na karibu wote wanaoifanya hawalipwi. Ndiyo maana eneo la wavaaji na meza za wachoraji wadogo hazifai kuhesabiwa kama pambo la tamasha. Ondoa wageni wa studio, Tokyo inabaki ilivyo. Ondoa wachoraji na wavaaji, San Diego inabaki ukumbi wa matangazo ya filamu.

Afrika imekwisha kuingia katika uamuzi huu. Comic Con Africa ilifanyika Johannesburg kwa mara ya kwanza Septemba 2018, ikiendeshwa na kampuni za maonyesho ya biashara. Nairobi ina tamasha la NAICCON, ambapo vijana huja na vibonzo vyao na mavazi waliyoyashona nyumbani. Msomaji wa Kiswahili si mgeni hapa: waliokua na Juha Kalulu wa Edward Gitau katika magazeti ya Taifa, na waliomfuata Lodi Lofa wa Philip Ndunguru katika jarida la Sani, walijifunza zamani kwamba mchoro wa bei nafuu unaweza kusemwa mtaa mzima. Shujaaz, kibonzo cha Kenya kilichoanza mwaka 2010, kiligawiwa bure na kikapata tuzo ya Emmy ya kimataifa.

Waandaaji wa Nairobi, na wale wa Kampala na Dar es Salaam watakaofuata, wana nafasi ya kuamua mapema. Bei ya meza ya mchoraji ipangwe kabla ya bei ya banda la kampuni ya simu, na iwe ndogo kiasi cha mwanafunzi kuimudu kwa kuuza nakala kumi. Vyumba vya kubadilishia nguo viwe na vioo, ndoano na walinzi wanawake. Sheria ya picha ibandikwe mlangoni kwa Kiswahili. Na iwepo meza ya marekebisho, kama ilivyo katika matamasha mengi ya Marekani, kwa ajili ya mshipi uliokatika na bega lililoachia gundi. Mafundi cherehani na mafundi viatu wako mitaani kote katika miji hii; wawili wakilipwa ujira wao wa siku na kuketishwa ndani ya ukumbi wenye umeme, meza hiyo imekamilika.