Karani Akikataa Flashi Yako
Hotuba kwa wakazi kuhusu usalama wa kompyuta za ofisi za umma



Mkazi anafika kaunta ya leseni za biashara, fomu yake iko kwenye flashi. Karani anamwambia kompyuta haipokei flashi. Mkazi anaondoka akinung'unika kwamba karani ana maringo. Sivyo. Karani mwenyewe hawezi kuifungua. Sharti hilo limewekwa kwenye kompyuta kuu ya mtandao wa ofisi.

Zamani fundi alizunguka ofisi baada ya ofisi akipanga kila mashine peke yake. Sasa masharti huandikwa mara moja mahali pamoja: urefu wa nywila, muda wa skrini kujifunga, nani aweke programu mpya, nani asome faili za wagonjwa. Katika mitandao ya Windows, kila kompyuta huulizia masharti mapya yenyewe kila baada ya dakika 90 hadi 120. Afisa akiacha kazi, akaunti yake inaweza kufungwa kila mahali kwa mara moja.

Hasara ya kuachia kila ofisi ijipange ilionekana Uingereza. Machi 2017, Microsoft ilitoa marekebisho ya kuziba pengo katika Windows. Tarehe 12 Mei, kirusi cha WannaCry kilipita kwenye pengo hilo hilo. Hospitali ambazo mashine zake hazikuwa zimerekebishwa zilifungiwa faili, na maelfu ya miadi ya wagonjwa ikafutwa. Dawa ilikuwapo, ila haikufika kwenye kila kompyuta.

Hapa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaitaka ofisi inayohifadhi taarifa zako izilinde. Zikivuja na kuna hatari ya kweli ya kukudhuru, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72.

Lakini anayeshika ufunguo wa kompyuta kuu ameshika kompyuta zote. Ufunguo huo wapewe watu wachache, na kila badiliko lijaribiwe kwenye mashine chache kwanza, kisha liandikwe. Mwananchi ana haki ya kuuliza kama hayo yanafanyika.

Kwa hiyo flashi ikikataliwa, uliza kama fomu inaweza kutumwa kwa barua pepe au kuletwa ikiwa imechapishwa. Na ukiona karani akimpa mwenzake nywila yake, mwambie msimamizi. Hilo kompyuta kuu haiwezi kuliona.